Wafu Hawaondolewi Mezani

"Leo wamefika kumi na mmoja," alisema binti wa marehemu. Alisimama kizingitini, hakutaka kuingia. "Jana walikuwa tisa. Jumapili hakulala hata mmoja."

Pumzi ilikuwa haijamrudia Inspekta baada ya ile ngazi ya mbao, vidato kumi na vinne, nyembamba kama ya mnara, na mbao ya kushikia ni upande mmoja tu. Kazini mama huyu walimwita Kabrasha, kwa sababu lile kabrasha lake la kijani halikumtoka kwapani, mvua inyeshe au jua liwake. Nyuma yake alipanda koplo wake, mtu mzima mwenye kitambi, anatafuna karanga.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane na robo mchana. Nje jua lilikuwa la kupasua kichwa, lakini humu mapazia mazito yalikuwa yamefungwa ili rangi za askari wa kuchezea zisipauke, na mwanga uliopenya ulikuwa wa rangi ya chai iliyolala.

Meza ilikuwa kubwa kuliko kitanda cha watu wawili. Kitambaa cha kijani kiliifunika hadi sakafuni. Juu yake palikuwa na mji: nyumba za karatasi ngumu zilizokatwa na kugundishwa, madirisha yote meusi, pamba imechambuliwa ikawa moshi. Katikati ya nyumba walijipanga askari wenye urefu wa kidole, wa buluu upande wa dirisha, wekundu upande wa mlango. Kila mmoja alikuwa na macho, nukta mbili za rangi zilizotiwa kwa brashi ya unywele mmoja. Popote Kabrasha aliposimama, kulikuwa na waliokuwa wakimtazama yeye.

Kumi na mmoja walikuwa wamelala chali.

"Nani anaingia humu?"

"Wanaokuja kutoa pole hupanda kuangalia mambo ya baba. Jioni nafunga mwenyewe, ufunguo nalala nao." Aliuonyesha, umefungwa kwenye ncha ya kanga. "Asubuhi nikifungua pazia kidogo ili hewa ipite, nawakuta wameongezeka. Mama, mimi si mtu wa kuona majini. Lakini hawa wanakufa wenyewe."

Alikuwa na mimba ya miezi minane na alizungumza huku mkono mmoja umeshika kiuno. Mumewe, fundi wa mafriji, alikuwa mahabusu tangu Jumapili. Kesho yake saa tatu asubuhi angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kumuua baba mkwe wake, na shtaka la namna hiyo halina dhamana.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Marehemu alikuwa mchoraji ramani mstaafu. Hakuwahi kuvaa sare hata ya mgambo, lakini mtaa mzima ulimwita Jemadari kwa sababu ya meza hii. Alitunga kanuni za vita vya mezani, vya dadu na tepu ya kupimia, akaziweka kwenye tovuti yake pamoja na nyumba za kuchapa na kukata, bendera, ramani, vyote bure. Watu asiowajua, katika nchi asizozikanyaga, walikuwa wakipigana vita kwa maneno yake. Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili jioni, binti alimkuta chini ya ngazi, shingo imevunjika. Daktari wa hospitali alisema amekufa kati ya saa nane na saa kumi na mbili. Kwa usahihi zaidi ya hapo hakuweza kusema.

Rafiki yake wa kucheza naye, fundi miwani mwenye duka njia panda, aliandikisha maelezo kwamba walicheza kuanzia saa nane, wakaishia mzunguko wa tano, na yeye akaondoka saa kumi na nusu akamwacha mzee ana afya yake. Karatasi ya mizunguko ilikuwepo mezani, imeandikwa kwa mkono wake, kwa sababu katika nyumba hii mgeni ndiye aliyeandika na mwenyeji ndiye aliyepima. Saa kumi na moja jirani alimwona mkwe mlangoni. Mkwe anasema alibisha hodi, hakufunguliwa, akaenda zake. Wiki moja kabla alikuwa amegombana na mzee kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, ati mzee anataka binti arudi kujifungulia kwao. Nani angemwamini?

"Labda malori," alisema koplo. "Yakipita pale barabarani nyumba inatikisika."

"Jaribu."

Koplo aliruka juu, akatua na uzito wake wote. Sakafu ililia. Vioo vya dirisha vilijibu. Askari hata mmoja hakuyumba.

Kabrasha aliinama, akachungulia. Kila askari alikuwa amegundishwa kwenye kisahani cheusi, na chini ya kisahani palikuwa na washa ya chuma, ile ya kuwekea boliti. Wazito hao.

"Basi paka."

"Paka wa wapi, Afande koplo?" alisema binti. "Baba alikuwa akipiga chafya akisikia tu jina lake."

"Tazama vichwa," alisema Kabrasha.

Koplo alitazama, akaacha kutafuna. Wa buluu watano, waliotapakaa mitaa mitatu tofauti, walikuwa wamelala vichwa vikielekea dirishani. Wekundu sita, vichwa vyote mlangoni. Hakuna aliyepinda. Ni kama mtu aliyewalaza alikuwa na adabu ya mazishi.

Ndipo waliposikia: *tk*. Halafu hakuna kitu. Halafu tena, *tk*, kama mtu anayebofya ulimi kwa subira.

"Ndiyo hiyo," alisema binti kwa sauti ndogo. "Tangu siku tumemzika. Mimi nasema ni yeye anahesabu."

"Koplo. Chini ya meza."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi ni mkubwa wako, tena nina magoti mabovu."

Koplo alivuta suruali, akapiga magoti, akainua kitambaa kama mtu anayefunua sufuria ya mwenzake. Gizani mle kitaa chekundu kiliwaka na kuzima. *Tk*.

"Printa," alisema, na pumzi ikamtoka kwa kishindo. "Ya kizamani kabisa. Trei tupu. Inadai karatasi."

"Ipe."

Palikuwa na bunda la karatasi kwenye rafu. Koplo alichomoa chache, akazisukuma ndani. Mashine ilinguruma, ikakohoa, ikaanza kuvuta. Binti alirudi nyuma hatua mbili hadi bega likagonga ukuta uliokuwa nyuma yake. Karatasi zilitoka moja baada ya nyingine zikiwa za moto, na kila moja juu yake pembeni ilikuwa na tarehe ya Jumamosi na saa: saa saba na dakika hamsini na mbili mchana.

Dakika nane kabla ya mgeni kugonga mlango.

Kabrasha alizipeleka kwenye ufa wa pazia akazisoma akiwa amesimama. Kurasa mbili zilikuwa kanuni. Wa tatu ulikuwa tangazo fupi. Alisoma yote mara mbili, akamwuliza binti bila kugeuka:

"Baba yako akijaribu kanuni mpya, alikuwa anafanyaje?"

"Lazima achape. Anashika karatasi mkono huu, penseli mkono huu, anachorachora mpaka karatasi inakuwa kama uso wa mtoto aliyekula ugali. Bila karatasi haanzi. Alisema kwenye kompyuta macho yanadanganya."

"Na hizi, kwenye tovuti alikuwa ameziweka lini?"

Koplo alikuwa ameshatoa simu. "Toleo la nne. Zimewekwa Jumamosi hiyohiyo, saa nne asubuhi. Ameandika: 'Leo saa nane mchana tunalijaribu kwa mara ya kwanza.'"

"Fundi miwani Jumamosi asubuhi anakuwa wapi?"

"Dukani," alisema binti. "Anafunga saa saba na nusu. Siku nyingine anakuja na sahani yake ya chakula. Hata leo atakuja. Tangu msiba hajakosa siku, saa tisa juu ya alama. Anakaa humu dakika tano peke yake, anasema anamuaga rafiki yake. Namwachia. Amelia sana huyo baba mdogo."

Koplo na Kabrasha walitazamana.

"Mwanangu," alisema Kabrasha, "akija mwambie tupo juu, tunataka atufundishe mchezo. Usiseme lingine. Na utuwekee maji ya kunywa, huu mchana ni mkavu."

Alitia kurasa ndani ya kabrasha, akatoa humo picha moja, akaiangalia, akairudisha.

Saa tisa kamili mlango wa chini uligongwa. Walisikia salamu, pole, sauti ya binti. Kisha nyayo ngazini. Kabrasha alikuwa na tabia ya kuhesabu vitu, na alihesabu. Nyayo kumi na mbili.

"Ngazi ina vidato vingapi?" alimnong'oneza koplo.

"Kumi na vinne. Mapafu yangu ni shahidi."

Fundi miwani aliingia akiinamisha kichwa kidogo, ingawa mlango ulikuwa mrefu kumzidi. Mwembamba, nadhifu, vidole virefu visivyotetemeka. Miwani yake mwenyewe ilikuwa safi mno, ukimtazama ulijiona wewe.

"Afande. Nasikia mnataka kuwa majemadari."

"Uzeeni mtu anatafuta cha kufanya," alisema Kabrasha. "Nifundishe. Mimi mbumbumbu."

Alinyoosha mkono ili amwinue askari mmoja kwa kichwa.

"Aa, hapana, hapana. Kwenye kisahani, Afande. Ukimshika kichwa rangi inatoka." Fundi alimwinua yeye mwenyewe kwa ncha za vidole viwili, akamrudisha pale pale. "Macho haya niliwatia mimi. Wote. Miaka kumi na tisa."

"Kazi nzuri. Wananitazama tangu nimeingia. Na hawa waliolala?"

"Wameuawa."

"Huwa mnawalaza hivi?"

"Zamani tulikuwa tunawatoa, tunawatia kwenye boksi la viatu." Alionyesha boksi ubavuni mwa meza. Sauti yake ilikuwa imeshapata raha ya mtu anayeelezea anachokipenda. "Toleo la nne limebadili. Wafu hawaondolewi mezani. Analala pale alipoangukia, kichwa kinaelekea alikotoka. Na aliye hai hamruki aliyekufa. Azunguke. Kama hakuna njia ya kuzunguka, abaki alipo."

"Kali hiyo."

"Jemadari alisema vita vya mezani vimekuwa vyepesi mno. Wafu wanatoweka kama vikombe vilivyooshwa. Alitaka wazuie njia."

"Na Jumamosi mlicheza hivyo. Toleo la nne."

"Ndiyo, hilo tulilijaribu."

"Tangu mzunguko wa kwanza? Kila aliyekufa akalazwa?"

"Kila mmoja. Kumi na mmoja. Hesabu inalingana na karatasi yangu."

"Inalingana, nimeona. Ulilisoma wapi?"

"Alinipa nikasoma."

"Kwenye karatasi?"

"Mzee huyo?" Fundi alicheka kidogo. "Bila karatasi na penseli haanzi. Kila mtu anajua."

"Karatasi hiyo iko wapi?"

Alizungusha macho mezani, kwenye rafu, mezani tena. "Nadhani ninyi ndio mlioichukua."

"Tumeichukua, ndiyo. Leo saa nane na nusu." Kabrasha aliweka kurasa mbili ukingoni mwa mji wa karatasi. "Printa haikuwa na karatasi tangu Jumamosi. Koplo ameipa, ndipo ikatema. Mpaka leo mchana, ndugu yangu, kanuni hizi hazikuwahi kushikwa na mkono wa mtu katika nyumba hii. Tazama, hakuna hata nukta ya penseli."

Fundi hakuzigusa.

"Basi tulisoma kwenye kompyuta. Mtu anachanganya. Nimefiwa, Afande."

"Pole sana. Nina picha moja nataka unisomee."

Ilikuwa picha ya mpiga picha wa polisi, Jumamosi saa moja na nusu usiku, chumba kizima kikiwa kimemulikwa kwa taa kali. Katikati ilikuwa meza.

"Nihesabie waliolala."

Fundi miwani alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Alitazama kwa muda mrefu kuliko picha ilivyohitaji.

"Haionekani vizuri."

"Wewe ni fundi wa macho ya watu. Lenzi hiyo hapo, chukua."

Hakuichukua.

"Basi nitakusomea mimi. Hakuna. Wote wamesimama, na boksi la viatu limefunuliwa, ndani kuna kumi na mmoja. Watano wa buluu, sita wekundu. Jumamosi usiku meza hii ilikuwa imechezwa kwa kanuni za zamani. Jumatatu binti anakuta watatu wamelala. Jumanne sita. Jumatano tisa. Leo kumi na mmoja. Majini ya nyumba hii yanajua kusoma tovuti, lakini yalichelewa siku moja."

Koplo alikuwa amesogea mlangoni, anatafuna polepole.

"Hukuja kumuaga mtu hapa," alisema Kabrasha. "Jumapili ulifungua tovuti ukaliona toleo la nne, ukaona na ile saa nane. Watu wote wanaocheza mchezo huu, popote walipo, wangeuliza kwa nini Jemadari amecheza vita vyake vya mwisho kwa kanuni alizozifuta mwenyewe asubuhi. Ukaja kurekebisha, wawili, watatu kwa siku, dakika tano tano. Kanuni za zamani unazijua kwa moyo, ndiyo maana asubuhi ile hukuzisoma."

"Mtu anaweza kucheza kwa kanuni za zamani."

"Anaweza. Lakini umeniambia mlicheza kwa mpya. Koplo ameandika."

"Nimeandika," alisema koplo. "Na kile kicheko."

"Hakuna vita vilivyopigwa humu Jumamosi. Mizunguko mitano umeipiga peke yako, na mwenyeji wako akiwa ameshalala chini."

"Kwa sababu gani? Miaka kumi na tisa nakula nyumba hii. Kwa sababu gani?"

Kabrasha alitoa ukurasa wa tatu, akausogeza kwenye ufa wa pazia, akausoma kwa sauti ileile anayosomea maelezo kituoni.

"'Kwa wote mnaotumia kanuni zangu. Nilizitoa bure na zitabaki bure. Kimetoka kitabu chenye jalada la kung'aa, na ndani yake ni maneno yangu, nukta kwa nukta, ila jina la juu si langu. Mwenye jina hilo nitaongea naye leo saa nane, hapa mezani, kwa sababu ni rafiki yangu. Kesho nitalitaja.'"

Fundi miwani alikuwa anawatazama askari. Hata wao walikuwa wanamtazama.

"Kitabu hicho tumekiagiza," alisema Kabrasha. Hakuwa amekiagiza, tangazo lenyewe lilikuwa na umri wa saa moja. "Nisubiri nilisome jalada, au utaniambia?"

"Midomo imekauka," alisema fundi. "Naomba maji."

"Maji yapo chini. Tangulia."

Alitoka. Kabrasha alimfuata kwa nyuma, akiacha vidato viwili katikati yao, na koplo akafuata mwisho. Chini, kwenye ukumbi mwembamba uliofagiwa, binti alikuwa amesimama na sinia ya glasi tatu. Yeye ndiye aliyemkuta baba yake pale. Alieleza siku ileile, imo katika kabrasha: kichwa sakafuni, miguu imebaki juu ya vidato viwili vya mwisho, mkono umenyooka kando ya ukuta. Fundi miwani aliandikisha kwamba alifika msibani saa mbili usiku, maiti ameshapelekwa mochwari, hakumwona.

Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Hapo fundi alisimama. Mkono wake wa kulia ulitafuta mbao ya kushikia, ukaipata, ukakaza. Akanyoosha mguu mbele, mbali, akavipita vidato viwili vya mwisho na kipande cha sakafu, akatua ukutani kwa ubavu, kama mtu anayevuka mtaro wa maji machafu na viatu vipya. Chini yake hapakuwa na kitu. Sakafu safi, ina alama ya ufagio.

Alifanya yote hayo bila kutazama chini.

Glasi ziligongana kwenye sinia.

"Baba mdogo," alisema binti. "Umeruka nini?"

Fundi miwani aligeuka kutazama alikotoka. Alitazama vile vidato viwili, akatazama sakafu, akatazama miguu yake mwenyewe, kisha akauegemea ukuta taratibu na hakusogea tena, si mbele wala nyuma.

Kabrasha alishuka kidato cha kumi na tatu, cha kumi na nne, akakanyaga sakafu. Alifungua kabrasha juu ya goti, akaandika saa: tisa na dakika thelathini na tano.

"Koplo, piga simu mahabusu. Waambie yule fundi wa mafriji wampe viatu vyake na mkanda. Leo atalala kwake."

Binti aliweka sinia chini, palepale, akakaa kwenye kidato cha mwisho, pale ilipolala miguu ya baba yake. Kutoka chumba cha juu, kupitia mlango walioacha wazi, ilisikika *tk*, ya subira, na baada ya muda *tk* nyingine.

"Si tumeipa karatasi?" alisema koplo, simu sikioni.

"Zimeisha," alisema binti. Alikuwa anamtazama yule mtu aliye ukutani. "Baba alikuwa anachapa nakala mbili siku zote. Moja yake, moja ya mgeni."